Nukta Mbili za Uchaji

Wanaosema kwamba nchi yetu ya Lukwaro inaendeshwa kiholela hawajawahi kuyaona madaftari yetu. Mimi nimeyaona, kwa sababu ndimi niliyekuwa nikiyaandika. Naitwa Sudi Mkambala, Karani Mkuu wa Nukta katika Wizara ya Imani na Ujirani. Nikisema kwamba kila jambo lililotokea lilifuata utaratibu, naomba niaminiwe. Hata lile lililonipata mimi mwenyewe lilifuata utaratibu, tena kwa mihuri.

Yote yalianza na mguu. Mtukufu Lwambano, Kiongozi wetu wa Kwanza na wa Pekee, alikuwa akizindua kalavati ambalo alikwisha kulizindua mara tatu miaka ya nyuma, na safari hii likamkatikia, mguu ukavunjika. Mhandisi alikamatwa kwa kosa la kuruhusu uzito wa dola upite juu ya saruji changa. Daktari akaamuru mapumziko ya miezi mitatu. Mkwewe mmoja anayeishi ng'ambo, akijua mzee akikaa bure huwa anabadilisha baraza la mawaziri, akamtumia kompyuta yenye mchezo wa wafalme wa Zama za Kati.

Katika mchezo huo mtu anakuwa mfalme wa enzi za mapanga na ngome. Anaoza ndugu zake kwa majirani ili apate washirika. Anajenga nyumba za ibada apate nukta za uchaji, yaani kumcha Mungu kwa kipimo, na nukta zikitosha anamwendea kuhani mkuu kununua ruhusa: ya vita, ya talaka, ya chochote. Juu ya kichwa cha kila mfalme jirani kuna tarakimu inayoonyesha anakupenda au anakuchukia kiasi gani, kutoka hasi mia hadi chanya mia. Na mfalme wako akifa, mchezo hauishi. Unaendelea wewe yule yule, ndani ya mwili wa mrithi wako.

Kipengele hicho cha mwisho Mtukufu alikisoma mara nyingi sana. Alikuwa na miaka sabini na tisa.

Baada ya miezi mitatu alitoka kwa magongo akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Kule ndani nimetawala miaka mia nne. Nimeteka falme kumi na moja, na sikuulizwa hata siku moja habari ya dawa hospitalini! Kwa nini? Kwa sababu kule kuna tarakimu! Sisi hapa tunaendesha mambo kwa hisia. Kuanzia leo hisia ni marufuku. Zitahesabiwa!"

Tulipiga makofi kwa dakika kumi na nne. Nilizihesabu mimi, na ndivyo nilivyopata kazi.

*

Wizara ya Dini na Wizara ya Mambo ya Nje ziliunganishwa, kwa kuwa katika mchezo mambo hayo mawili yako kwenye ukurasa mmoja. Kanuni za mchezo zilitafsiriwa zikawa sheria, zote, pamoja na ile ya mwisho: mtu yeyote atakayesema kwamba Mtukufu amefariki atafungwa miaka saba, kwa kuwa Mtukufu hafariki, anahama.

Imani ya nchi yetu, kwa wasioijua, ni Imani ya Jiwe. Liko jiwe kubwa jeusi kwenye mpaka wetu na nchi ya Msanje. Sisi tunaliomba kutoka upande wa magharibi na Wamsanje wanaliomba kutoka mashariki. Tangu enzi za mababu, siku ya sikukuu watu walikuwa wakikutana hapo, wakimaliza sala wanazunguka jiwe na masufuria kuonjana pilau. Hakuna aliyewahi kuona tatizo, na hiyo inaonyesha jinsi tulivyokuwa nyuma.

Aliyeliona tatizo ni Kuhani Mkuu Ndeketela, ambaye kabla ya kuitwa na Jiwe alikuwa mkurugenzi wa bodi ya chai. Alitangaza kwamba upande wa mashariki ni uzushi. Dola ikapata nukta arobaini za uchaji siku hiyo hiyo. Pilau ikakoma.

Tena ikaamuliwa kwamba kila anayetamka "Jiwe lishukuriwe" katika kikao rasmi anaiingizia dola nukta moja. Waziri wa Maji alihutubia Bunge saa mbili nzima, akalishukuru Jiwe mara tisini na sita, na maji hakuyataja. Mambo yalipozidi, Kuhani Mkuu akaweka sharti: shukrani itahesabiwa tu ikitoka moyoni. Atakayetambua kama imetoka moyoni ni yeye, kwa kuinamisha kichwa na kusikiliza.

Tangu sharti hilo lipite, hazina yetu ya uchaji ilikwama kwenye nukta mia moja arobaini na nane. Miezi mitano haikusogea. Mawaziri walishukuru hadi wakakauka koo, Kuhani akainamisha kichwa, akakitikisa, na mimi nikaandika sifuri.

*

Siku moja Mtukufu aliniita nimsomee maoni ya majirani.

"Msanje?"

"Hasi sitini, Mtukufu."

Aliumia kweli. "Wananichukia kwa lipi? Nimewafanya nini mimi?"

Sikutaka kumkumbusha habari ya uzushi. Nikapendekeza zawadi, kwa kuwa kanuni inasema zawadi ni chanya tano. Tukawapelekea picha ya Mtukufu yenye urefu wa mita nne. Jibu lao lilikuwa barua fupi ya kushukuru, ikiuliza kama tungeweza pia kufunga ng'ombe wetu wasile mahindi yao. Baraza la Mawaziri lilichambua barua hiyo siku mbili na kufikia uamuzi kwamba ni lugha ya kidiplomasia. Ng'ombe maana yake ni ushirika, na kufunga maana yake ni kufunga ndoa.

"Wanataka kuoa kwetu!" akasema Mtukufu, na uso wake ukang'aa. "Ndoa ni chanya thelathini! Leteni Daftari la Damu Tukufu."

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja. Fomu ya kupandishwa cheo Lukwaro ina mistari kumi na miwili, na mstari wa kumi na mmoja unauliza: "Uhusiano wako na Mtukufu." Mistari mingine unaweza kuiacha. Kwa hiyo kila mtu alikuwa ndugu. Dereva wa wizara alikuwa binamu. Waziri wa Uvuvi alikuwa mpwa kwa mama wawili tofauti. Mimi ukoo wangu unajulikana, ni wachonga mipini ya majembe, kwa hiyo nilimwandika mke wangu Kidawa: kitukuu cha babu yake Mtukufu kwa mke wa nne ambaye historia imemsahau. Historia ilikuwa na haki ya kumsahau, maana hakuwahi kuwepo. Nikapigiwa mihuri tisa, nikapata cheo na nyumba Mtaa wa Wateule, yenye bomba linalotoa maji Jumanne na Ijumaa.

Amri ilitoka jioni redioni: ndugu wa damu, wa kike, aliye chini ya miaka arobaini na mitano, ataozwa kwa Rais wa Msanje. Asubuhi yake foleni ilianzia mlangoni kwangu ikaishia posta. Wote walikuja kujitoa kwenye ukoo, hata wanaume, kwa kuwa hakuna aliyejua kanuni itabadilika lini. Waziri wa Uvuvi aliwaleta mama zake wote wawili waape. Wapwa wa kweli, waliokulia mapajani mwa Mtukufu, walilia machozi wakisema hawajawahi kumwona ila kwenye noti. Mabinti zake watatu walikwisha kuapa uraia wa ng'ambo, kwa hiyo nao walifutwa. Nilipiga muhuri wa SI NDUGU mara elfu nne mia nane na kumi na moja, kidole gumba kikavimba.

Saa kumi alasiri daftari lilikuwa limebaki na jina moja.

Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na muhuri, na ofisini hapakuwa na mtu. Nikawaza: nikilifuta jina hili, mstari wangu wa kumi na mmoja utakuwa uongo, na uongo kwenye fomu ya serikali ni kosa. Nikawaza na lile bomba. Nikajiambia kwamba Baraza la Makuhani haliwezi kuvunja ndoa ya watu wanaopendana. Nikafunga ofisi, nikaenda nyumbani. Nilikuwa mwoga. Nimelitafutia jambo hilo neno lingine kwa muda mrefu na sijalipata.

*

Kidawa alikuwa mwalimu wa hesabu wa darasa la sita. Nilimkuta mezani anasahihisha madaftari kwa kalamu yake nyekundu.

"Wamebaki wangapi?" akauliza, bila kuinua macho.

"Mmoja."

"Maskini. Nani huyo?"

Nikakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Sudi, nimekuuliza nani."

"Wewe."

Alicheka kwanza. "Mimi? Marehemu baba alikuwa fundi baiskeli. Mimi na Mtukufu tumekutana wapi?"

"Kwa mke wa nne."

"Mke wa nne wa nani?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini. "Uliniandika lini?"

"Mwaka ule tulipopata nyumba."

Akaliangalia bomba. "Na leo, muhuri ukiwa mkononi mwako mchana kutwa, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nahudumia wananchi."

"Mimi si mwananchi?"

"Usiwe na wasiwasi, mke wangu. Kuvunja ndoa kunahitaji nukta mia moja na hamsini. Dola inazo mia na arobaini na nane, na haitapata nyingine. Hakuna mtu nchi hii anayesema kitu kutoka moyoni. Hesabu inatulinda."

"Hesabu nimeifundisha miaka kumi na tisa, sijaiona ikimlinda mtu. Nenda kanifute."

"Ofisi imefungwa."

"Na ufunguo anao nani?"

Ulikuwa mfukoni mwangu. Nakumbuka ulivyokuwa ukinichoma pajani. Nikamwambia tusubiri Baraza, akachukua kalamu yake akaendelea kusahihisha.

*

Baraza la Makuhani lilikaa saa tatu asubuhi. Kidawa alikaa benchi la nyuma, mkoba mapajani. Kuhani Mkuu Ndeketela alivaa kanzu yake nyeusi na kusoma maombi ya dola: ndoa kati ya Sudi Mkambala na Kidawa binti Mshamu ihesabiwe kuwa haikuwahi kufungwa, kwa maslahi ya ujirani mwema.

"Karani, dola ina nukta ngapi?"

"Mia moja arobaini na nane, Mtakatifu."

"Zinazotakiwa?"

"Mia moja na hamsini, Mtakatifu."

Akashusha pumzi, akafunga jalada. "Hazitoshi. Maombi yamekataliwa."

Wasomaji wangu, mimi ni mtu wa kawaida. Nilikuwa sijalala. Machozi yakanitoka, na kabla sijajua nasema nini nikasikia sauti yangu ikipaa ukumbini: "Jiwe lishukuriwe!" Na furaha ikanizidi, nikarudia: "Jiwe lishukuriwe!"

Kuhani Mkuu akainamisha kichwa. Akakaa hivyo muda mrefu, na alipokiinua macho yake yalikuwa na maji.

"Ndugu zangu makuhani," akasema, "miezi mitano nimelisubiri hilo. Hiyo imetoka moyoni."

"Zote mbili?" akauliza kuhani msaidizi.

"Zote mbili. Karani, andika."

Nikaandika. Kazi ya kuandika ilikuwa yangu, nani mwingine angeandika? Mia moja arobaini na nane, jumlisha mbili. Nilipoinua macho, Kidawa alikuwa amesimama ananitazama. Sikuona hasira. Alinitazama jinsi anavyomtazama mtoto aliyefundishwa jambo moja mwaka mzima akalikosa kwenye mtihani. Jioni hiyo nilivishwa Nishani ya Moyo Mweupe, daraja la pili.

*

Tulimpeleka kwenye Jiwe tukiwa na bendi ya polisi. Alichukua boksi la chaki, kalamu zake nyekundu, na nakala yangu ya Kanuni. Picha yetu ya harusi aliiacha ukutani.

Upande wa pili alisimama Rais Kihampa wa Msanje, mtu mfupi mwenye kofia ya jua, na kando yake mkewe, Mama Sikitu. Waziri wa Uvuvi alisoma risala ya kurasa kumi na moja. Kihampa akasubiri iishe.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema. "Mimi niliomba ng'ombe wafungwe."

"Nasi tumekuletea mchumba," akajibu Waziri.

"Mchumba wa nani?" akauliza Mama Sikitu.

Akamwangalia Kidawa aliyesimama juani na boksi la chaki, akavuka mpaka mwenyewe, akampokea mzigo. "Pole, mwanangu. Njoo unywe maji. Hapa kwetu huolewi na mtu."

Nikajitokeza kwa ajili ya saini ya makabidhiano. "Kidawa," nikamwambia polepole.

"Saini wapi, Karani?" akasema.

Miaka kumi na minne alikuwa akiniita Sudi. Akasaini, akazunguka jiwe, akaenda.

Niliporudi niliandika chanya thelathini kwa Msanje, na Mtukufu akafurahi sana. Habari nilizozisikia baadaye ni kwamba Msanje hawakuwa na daftari la maoni. Walimpa Kidawa chumba na darasa la sita.

*

Miezi mitatu baadaye, saa nne asubuhi, Mtukufu alikutwa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta. Mchezo ulikuwa umesimamishwa katikati ya vita, kidole kikiwa bado juu ya kitufe.

Mawaziri walijaa chumbani na hakuna aliyethubutu kusema lile neno, kwa sababu lilikuwa na miaka saba. Daktari, mtu mwangalifu, aliandika kwenye cheti: "Amehama."

"Amehamia kwa nani?" akauliza Waziri wa Uvuvi.

Wote wakanigeukia. Nikafungua Daftari la Damu Tukufu, kurasa mia tatu zilizofutwa, hadi kwenye jina moja lenye mihuri tisa. Nilipolisoma, Waziri wa Uvuvi akakumbuka ghafla kwamba yeye ni mpwa. Nikamwonyesha muhuri wa SI NDUGU na viapo vya mama zake wawili.

Tulimkuta Kidawa darasani huko Msanje, akifundisha kugawanya kwa njia ndefu. Mawaziri walipiga magoti kwenye vumbi la chaki.

"Mtukufu," akasema Waziri wa Uvuvi, "pole kwa kuhama. Unajisikiaje ndani ya mwili mpya?"

Kidawa akaniangalia mimi. Nikamsomea kanuni. Rais Kihampa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Dada, kama hutaki usiende. Hawa siwaelewi."

"Nikikataa?" akauliza.

"Kanuni inasema asipopatikana mrithi, mchezo umekwisha," nikajibu.

"Na nchi je?"

Swali hilo lilikuwa halijawahi kuulizwa wizarani. Kidawa akamaliza hesabu ubaoni, akawapa watoto kazi ya nyumbani, akachukua mkoba wake.

Siku ya kwanza aliamuru ng'ombe wafungwe. Siku ya pili aliamuru pilau irudi kwenye Jiwe, pande zote. Siku ya tatu aliomba kuona dawa zilizopo hospitalini, na Waziri wa Afya akazimia. Nami usiku na mchana nilikuwa na wazo moja tu: kilichovunjwa kwa nukta mia na hamsini kinaweza kurudishwa kwa nukta mia na hamsini.

Siku ya nne, mbele ya Baraza zima, niliomba ruhusa nikasimama. Nikasema, "Jiwe lishukuriwe." Nikasema tena. Nilisema mara mia moja na hamsini. Kwenye tisini sauti ilikauka, Waziri wa Uvuvi akanipa maji. Kwenye mia na thelathini nilikuwa nalia waziwazi na sikujali nani ananiona. Nilimtaka mke wangu. Nyumba waichukue, na bomba lake, na nishani yao.

Kuhani Mkuu aliinua kichwa. "Zote zimetoka moyoni, Mtukufu. Ndoa yaweza kurudishwa leo hii."

Kidawa alinigeukia. "Karani, kanuni ya ndoa inasemaje juu ya maoni ya mwanamke?"

"Yawe juu ya sifuri, Mtukufu."

"Unalo daftari. Soma ya kwangu."

Nikafungua ukurasa. Nilikuwa nimeujaza mwenyewe, kwa uaminifu, maana kazi ni kazi.

"Kumpikia uji alipougua malaria, chanya kumi. Kumjumlishia alama wiki za mitihani, chanya tano. Miaka kumi na minne ya kuishi pamoja, chanya ishirini."

"Endelea."

"Kumwandikia ukoo wa uongo, hasi ishirini. Kuacha kumfuta, hasi hamsini. Kukaa na ufunguo mfukoni..." Nikashindwa.

"Jumla?"

"Hasi mia, Mtukufu."

Alishuka kwenye kiti, akaja akasimama nyuma ya bega langu kama anavyosimama nyuma ya dawati la mwanafunzi. Alipitia ukurasa mzima kwa kidole, mstari kwa mstari. Nilisikia harufu ya chaki.

"Hukujumlisha vizuri."

Nikaishika kalamu upesi. "Ni zaidi ya hapo, Mtukufu?"

"Umeishia kwenye mia."

"Kipimo kinaishia hapo. Ukurasa umekwisha."

Akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu, akaiweka mbele yangu.

"Gundisha karatasi nyingine kwa chini, Karani," akasema, "halafu uendelee kuhesabu."